Shati la Mkataji

Saa mbili kasorobo asubuhi mkataji alikuwa ameshatandaza kitambaa cheupe mezani, matabaka arobaini, chaki iko sikioni. Akasubiri. Karatasi za kukatia mashati ya shule zilifungiwa kwenye droo ya Tajiri, na Tajiri alifika anapotaka. Mafundi tisa wa kushona nao walikaa, vyerehani vikiwa kimya, maana katika karakana ile hata sindano iliyovunjika haikubadilishwa mpaka mwenyewe aione.

Tajiri alipofika saa nne, mkataji alimweleza kwa adabu zote kwamba tundu la mkono ni jembamba, watoto watabanwa kwapani. Iongezwe nafasi ya vidole viwili tu, yaishe.

"Nani amekuuliza?" Tajiri akasema.

Hapo hapo mkataji akapungua kimo, upana wa kidole kimoja. Aliona meza imepanda kidogo, akapandisha sketi kiunoni, akaanza kukata. Haikuwa habari mpya. Mpiga pasi alishapungua tangu alipotoa wazo la kupokezana zamu, na sasa alipiga pasi akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Mweka vifungo, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, hakuonekana tena mpaka uiname, ila vifungo vyake vilikaa imara.

Nyumbani mumewe alimpima kwenye mwimo wa mlango, kando ya alama za binti yao. Za binti zilipanda, za mama zilishuka.

"Mke wangu, si unyamaze tu?" mumewe akamsihi.

Alijaribu. Wiki nzima aliuma meno. Lakini hii ndiyo kazi pekee aliyoijua na kuipenda, na kila mkasi ulipopita kwenye lile tundu bovu roho ilimuuma, akajikuta ameshasema. Muhula ule alisema mara ishirini.

Mashati yakarudi, magunia sita, yamechanika kwapani. Tajiri akaitisha kikao, akasema tatizo ni wafanyakazi kutojituma. Akabandika tangazo mlangoni, ambalo mkataji ilibidi asomewe kwa kuwa lilikuwa juu mno: kuanzia leo hakuna kutoa maoni bila ruhusa. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamnunulia mkataji kigoda.

"Asante, Tajiri," mkataji akasema.

Kufikia siku hiyo nguo zake zote zilikuwa zinaburuzika chini. Akachagua shati moja kwenye magunia, saizi ya binti yake, akalishona pale lilipochanika, akalivaa. Mabegani lilimkaa vizuri, na urefu ulikuwa sawasawa.

Kesho yake alitandaza kitambaa, akapanda kigoda, akasubiri. Saa nne Tajiri akafungua droo na kumpa karatasi zilezile. Alipoinua mkono kuzipokea, shati likambana kwapani, palepale alipokuwa akisema watoto watabanwa. Akazipokea kwa mkono mwingine, akaanza kukata.