Wimbo wa Sultani Nyumbani kwa Silima

Mtaliana alifika Malindi ya Unguja na kinasa sauti chake, na Silima akamtilia shaka tangu mlangoni. Mtu gani huyu, apande ndege kuja kuuliza wimbo wa taifa wa Sultani, uliokwisha kuzikwa tangu Mapinduzi? Eti huko kwao kuna maneno kwamba uliandikwa na mtunzi wao mkubwa wa opera, na yeye anataka kuhakikisha. Hawa watu bwana! Walitawala huku na kule, sasa hata tuni za wenzao wanazidai.

Lakini aliyemtia wasiwasi zaidi ni Ami Hamad, jirani yake mzee, aliyemleta mgeni kisha akajikalia kitako ukumbini bila ya kukaribishwa.

"Mpigie tu, mwanangu," Hamad alisema. "Siku hizi hapana wa kukufanya kitu."

Rahisi kusema. Baba yake Silima alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya Sultani. Baada ya Mapinduzi mtu alikwenda kumchongea kwamba bado anaupiga wimbo ule ndani kwake. Wakaja watu wakamchukua, na hata kaburi lake halijulikani. Silima amezeeka akimtafuta mchongezi yule katika kila uso wa mtaa.

"Wewe uliwahi kumsikia akiupiga, Ami?"

"Mie? Hata siku moja! Nlihamia hapa yeye keshachukuliwa."

Silima akachukua fidla yake ya taarabu, akaupiga wimbo kama bendi ilivyoupiga, mpaka mwisho. Hamad alikuwa amefumba macho, kidole kinagonga goti. Mpenzi wa taarabu hawezi kunyamaza wimbo ukikatwa.

"Umeukata, we! Bado ile ya mwisho." Akaipiga kwa mluzi: sauti zikapanda, zikajikwaa, zikaporomoka.

Silima akaiteremsha fidla. Kipande kile hakikuwa cha mtunzi wa opera wala cha Sultani. Baba yake alikibuni bendi ikiwa imeshavunjwa, akikipiga taratibu, kitambaa ndani ya tarumbeta, madirisha yamefungwa, ili kumchekesha mwanawe peke yake.

"Hiki nacho ni cha zamani?" Mtaliana aliuliza kwa furaha, kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Nani alikifundisha?"

"Muulize huyu," Silima alisema, akimnyooshea Hamad upinde wa fidla. "Alikuwa chini ya dirisha letu, akisikiliza."