Idhini Mbili

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza tena baada ya kukatika mara mbili. Mchoraji wa ramani za majengo alisimama katika karakana ya chama chao, vidole vikigongagonga mfuniko wa mashine ya leza. Wanachama waliitumia kukata mbao nyembamba na kadibodi kwa kujifurahisha tu: taa, saa za ukutani, vichezeo vya watoto. Sasa hawakuwa wakikata chochote. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa, na mpya iliikataa programu ya kuongoza mashine, ambayo haikuwa imeguswa kwa miaka.

"Jumamosi tunapiga kura," alisema mhazini. "Mashine isiyokata ni meza ghali. Tuiuze."

"Nimeshaandika marekebisho."

"Nani kayakagua?"

Mchoraji aliondoa vidole kwenye mfuniko. Baada ya moto mdogo uliowahi kutokea, chama kilipiga marufuku kuendesha leza kwa msimbo wa programu uliokaguliwa na mwandishi wake peke yake. Kanuni hiyo aliipendekeza yeye.

Programu ilikuwa huria. Mtu yeyote aliweza kuusoma msimbo na kupendekeza mabadiliko. Hata hivyo, hakuna badiliko lililoingia bila idhini ya waanzilishi wote wawili, nao walikuwa baba yake na mjomba wake. Walikuwa wamekosana kuhusu jambo moja. Ukikata ukingo wa nje kwanza, kipande hulegea na matundu ya ndani hukaa upogo. Mjomba alitaka programu imlazimishe mtumiaji kuanza na matundu. Baba alisema watu wazima hawashikwi mkono. Basi wakasusiana, na programu ikabaki yatima.

Mchana ule alimpelekea baba marekebisho. Baba alibonyeza idhini kabla sahani hazijaondolewa mezani.

"Hata miwani hujavaa," mama alisema.

"Kazi ya mwanangu, nisome nini?"

Mjomba, mwalimu wa fizikia, alimpokea katika darasa lililokwisha kuwa tupu.

"Baba yako kaidhinisha saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Na wewe ulimtumia saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Hakusoma. Shemeji yangu huyo, hata dada yangu alimposa akiangalia saa. Mimi nitasoma. Nenda nyumbani, binti."

Mchoraji hakuweza kutulia. Jumatano alichora nyumba yenye ngazi inayoishia ukutani. Alifungua simu, akaifunga, akaifungua. Alikwenda dirishani kutazama mvua ambayo haikumhusu.

Alhamisi mjomba alijibu mtandaoni, chini ya marekebisho, mahali ambapo kila mtumiaji angeweza kusoma: "Kwa aliyeidhinisha. Amri ya kuzima mwale wa leza inakuja baada ya amri ya kuhamisha kichwa cha mashine. Mashine itachoma njia nzima kutoka tundu hadi tundu. Umeidhinisha moto, shemeji."

Mchoraji aliufungua msimbo. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa ameyajaribu marekebisho kwenye skrini kwa duara moja tu, na duara moja halina safari ya kwenda tundu jingine. Akalirekebisha akiwa amesimama.

Baba alivaa miwani. Alisoma mpaka chai ikapoa, kisha akaandika: "Kweli, sikusoma. Sasa nimesoma. Mashine ikisimamishwa katikati, feni ya moshi inazimwa kabla ya mwale. Hilo hukuliona, mwalimu. Naiondoa idhini yangu, na siitoi tena mpaka swali la matundu liishe."

"Liishe kwa kulazimisha," mjomba alijibu papo hapo.

"Kalazimishe wanafunzi wako."

Mchoraji alirekebisha amri ya feni. Halafu alitembea kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi, huku mama akimfuata kwa macho.

"Utatoboa sakafu," mama alisema.

"Chama kitaiuza mashine, mama, kwa sababu ya matundu!"

"Basi waambie baba yako na mjomba wako. Mimi nimeshindwa nao kitambo."

Aliketi akaandika: "Baba, mjomba, shikamooni. Rekebisho hili linahusu kompyuta mpya tu. Swali la matundu nimelifungulia ukurasa wake. Kagombaneni huko mtakavyo. Hapa, idhinisheni au kataeni. Kura ni Jumamosi saa tatu."

Ijumaa nzima hapakuwa na jibu.

Jumamosi, saa mbili na robo, mjomba aliidhinisha. Baba aliidhinisha dakika iliyofuata, akaongeza kwamba yeye alikuwa tayari tangu jana ila alingoja kuona nani angeanza.

Karakanani, mhazini alisoma majina yote mawili, akawasha feni, na akakata kipande cha kadibodi chenye matundu manne. Hakuna njia iliyoungua. Kisha akaondoa hoja ya kuuza. Mchoraji alirudi kazini akaifuta ile ngazi. Mama alimpigia kaka yake kumkaribisha chakula, akaambiwa asubiri. Mjomba alikuwa akiandika aya ya sita kwenye ukurasa wa matundu. Baba aliisoma ya tano, akafuta miwani, na akaanza kujibu.