Ingia Wewe Kwanza

Barabarani, baba yangu ni mzee wa mkongojo. Goti lake liligoma tangu alipoanguka ngazini, na nikimshika mkono tuvuke, ananikunjia uso hadi ng'ambo. Ziwani ni mtu mwingine. Maji yakimfika kifuani anatembea huku na huko, mgongo umenyooka, akisalimia watu kwa mbwembwe. Daktari alisema wazi: asipotembea majini, goti litaganda.

Ndiyo maana siku ile, macho yakiwa bado kwenye hadubini, nilijikuta nikisema, "Mungu wangu, Baba."

Kazi yangu ni kuchunguza mwani mdogo wa ziwani, ule usioonekana kwa macho. Huo ndio mmbea wa ziwa, haufichi kitu. Wenye magamba ya kioo ukitawala, mara nyingi ziwa lina afya. Ukija ule wa buluu-kijani, wenye nyuzinyuzi, ujue ziwa limelishwa mbolea na maji taka kupita kiasi, na aina nyingine za mwani huo zina sumu. Siku hiyo niliona nyuzi tupu. Tukatundika bango la kukataza watu kuogelea, nami nikarudi nyumbani kwa Baba, tunakoishi pamoja.

"Mwezi uliopita maji yalikuwa ya kijani kuliko haya," alisema, "na ukaniruhusu."

"Ule mwani haukuwa na neno. Huu ni mwingine."

"Kijani ni kijani. Halafu wewe kuogelea kwenyewe hujui, leo unanifundisha ziwa?"

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Miaka yote nimekaa kwenye boti na jaketi la kuokolea, sijawahi kulowesha hata magoti. Nikapandwa na hasira, nikafoka kwamba mtaalamu ni mimi. Akaongeza sauti ya redio.

Basi nikaenda naye hadi pale pale anapoogelea, nikajaza chupa akiniona, nisije nikaambiwa nimeleta maji ya watu wengine. Nikaiweka kwenye friji yake, kando ya maziwa.

"Usiitikise. Mwani wa mwezi uliopita ungezama. Huu una hewa ndani, utapanda juu."

Asubuhi alifungua friji kutafuta maziwa. Nilipofika jikoni alikuwa ameshika mlango, ameduwaa. Chini ya chupa maji meupe, juu tabaka zito la kijani, ungedhani rangi ya kupaka mlango.

"Na mimi maji haya nayasukutulia," alisema polepole.

Hakubishana tena, na hapo ndipo nilipoumia. Wiki zilipita, akaanza kushika kuta akienda chooni. Kila nikirudi kutoka kazini ananitazama usoni, nami natikisa kichwa. Niliuchukia ule mwani kama jirani mkorofi. Nilitamani magamba ya kioo mpaka nikawa sijiamini, kila sampuli namwomba mwenzangu aitazame naye.

Kisha upepo ukavuma, mvua ikanyesha, ziwa likavurugika. Nyuzi zikapungua hadi zikatoweka, magamba ya kioo yakarudi, na kipimo cha sumu kikatoka safi. Niling'oa bango kwa mikono yangu, nikamkimbilia Baba.

Ukingoni akasimama.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Ingia wewe kwanza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaingia na suruali yangu ya kazini, magoti, kiuno, nikijitia jasiri. Halafu mguu ukateleza kwenye tope, nikapiga yowe ambalo nadhani hata samaki walishtuka.

Mkono ukanidaka kwapani. Alikuwa Baba, wima kama nguzo, mkongojo ameuacha mchangani.

"Taratibu," alisema. "Twende mpaka pale."

Nilikunja uso. Watu walikuwa wanatuangalia, na nina miaka yangu.

"Kunja tu," akasema Baba, akianza kutembea. "Mkono siachi."