Weusi wa Tara

Kipande cha tatu cha gundi nacho kiliwaka mpaka mwisho, kikadondosha tone la moto juu ya pamba iliyotandikwa chini yake, pamba ikashika. Nélida akazima, akakaa kitako. Miaka miwili alikuwa akisaga maganda ya mti wa tara na kuyachanganya na gundi ya epoksi ili isishike moto, na miaka miwili gundi ilimcheka. Kesho yake, Jumamosi, kaka yake Edilberto angeleta msumeno. Miti ya tara ya marehemu baba yao ingekatwa ipandwe miparachichi, maana tara haina bei. Mama alikubali kungoja mpaka siku hiyo tu, huenda gundi ya Nélida ikaipa tara soko.

Akapanda mlimani kwao kumwambia mama ukweli. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti, na mama Fortunata alikuwa uani akitia sufu rangi kwenye sufuria ya tara. Nélida akaketi karibu na mvuke. Harufu ya utotoni ikamlegeza, akawa kama mtu aotaye macho wazi.

"Imeungua tena?"

"Imeungua, mama. Nimeshindwa."

"Kwani unatia nini humo?"

"Tara tupu. Safi kabisa."

Mama akacheka mpaka akaegemea mwiko. "Chuo kikuu chote kile, halafu tara tupu. Nani alikufundisha kupika, mbuzi?" Akachota konzi ya collpa, ule udongo wenye chuma wa mlimani, akaitia sufuriani. Maji ya rangi ya chai yakageuka meusi ti. "Tara bila collpa haishiki, mwanangu."

Nélida alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Aibu ilimpata, aibu hasa. Akafunga collpa kwenye leso, akateremka mjini mbio.

Gundi mpya, yenye tara na collpa, ikalala kwenye tanuri la maabara, naye akalala kitini, akiota miti inayotembea. Asubuhi akakiwasha kipande, akahesabu sekunde kumi, akaondoa moto. Kipande kikavimba kidogo, kikavaa gamba jeusi, kikazimika chenyewe. Akarudia. Kikazimika tena. Pamba ilibaki nyeupe.

Akapiga simu. Nyuma ya sauti ya mama msumeno ulikuwa ukinguruma.

"Mama, imezimika."

Mama akaita jina la Edilberto mara moja tu. Msumeno ukazimwa.

"Imebaki miti mingapi?" Nélida akauliza, machozi yakimtoka.

Mama akahesabu polepole. "Kumi na minne."

"Na ule wa mlangoni, wa kwanza kupandwa na baba?"

"Huo nimeuegemea tangu alfajiri. Nilimwambia aukate pamoja na mimi."