Jipi Iliyongoja Resori

Mwaka wa 1956 nilikuwa fundi gari wa pili kwa ubora katika Gisenyi yote, na tulikuwa wawili. Nilikuwa na jipi ya jeshi, mabaki ya vita, niliyoikokota kutoka Goma kwa ng'ombe wanane, na mmoja wao hakunisamehe hadi alipokufa. Ndani ya mota yake ndege walikuwa wamelea vizazi viwili. Miezi saba niliihangaikia. Mota ikafufuka, breki zikashika, viti nikavishona upya kwa turubai. Kilichobaki kilikuwa resori tu.

Resori ni yale mabamba ya chuma yaliyopinda, yaliyopangwa moja juu ya jingine kati ya ekseli, mhimili wa magurudumu, na mwili wa gari, ili shimo la barabara lisifike moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa mtu. Zile zilizokuja na jipi zilikuwa na mabamba machache, membamba, yamechoka. Katika kitabu cha bidhaa cha duka moja la vipuri huko Bukavu nilikuwa nimeona nyingine: kampuni tofauti, mabamba kumi na moja kila moja, nene, zimepinda kama nyusi za mtu anayeshangaa. Kwa mawe ya kirunga, yaani mlima wa moto, yaliyoko huku kwetu, hizo ndizo hasa. Nikaagiza nne. Jioni ile ile nikazifungua za zamani, nikampelekea Kayitare mhunzi kama zawadi, maana chuma cha resori ndicho mhunzi anachokiota usiku. Wiki haikwisha, resori zangu zikawa majembe na mapanga, zikawa zinalima viazi kule milimani Cyanzarwe.

Ndipo mambo ya harusi yakaiva.

Nilikuwa nimemposa Mukandutiye, binti wa Dauda muuza vitambaa. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa Cyanzarwe na bibi yake mzaa mama, Mukamazimpaka, ambaye sasa nyonga yake ilikuwa imekufa na hawezi kutembea hata kufika kwenye migomba. Mukandutiye alikubali posa kwa sharti moja, na alilisema mbele ya baba yake.

"Siku mutakuja kuniuliza kama nakubali, bibi yangu awe amekaa hapa pembeni yangu. Asipokuwepo nitasema hapana. Na musifikiri nitanyamaza museme kimya ni ndiyo. Nitasema hapana kwa sauti, jirani wasikie."

"Tutamuleta kwa ingobyi," akasema Dauda. Ingobyi ni ile machela ya kusuka ambayo wanaume wanne huibeba mabegani, na ndiyo iliyompeleka kila mgonjwa wa milimani hospitalini.

Jibu la bibi likarudi siku ya pili: mume wake alitoka nyumbani ndani ya ingobyi amelala chali, na hakurudi. Yeye hatalala chali mbele ya watu siku ya harusi. Atakuja ameketi, au hatakuja.

Mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake. "Mzee Dauda, mimi nitamleta kwa gari." Harusi ikapangwa Ijumaa ya tatu ya Mfungo Mosi, baada ya sala ya Alasiri.

Meli ya Bukavu ilikuwa inafika Jumanne na Jumamosi. Kila Jumanne na kila Jumamosi nilikuwa bandarini kabla moshi wake haujaonekana. Siku zilizobaki nilikwenda vilevile, nikaangalia maji. Sikuweza kukaa. Nikila, nakula nimesimama. Nilifungua mota iliyokuwa nzima nikaifunga tena, nikaifungua. Katika swaumu nilipiga hatua nyingi kiasi kwamba viatu vyangu vilifuturu kabla yangu.

Munyaneza, karani wa bandarini, ndiye aliyekuwa akinisomea barua za Kifaransa.

"Bon. Kadiri, wanasema resori zimeisha. Kiwanda kule Ulaya kinangoja chuma. Wamekuandika kwenye orodha ya watu wenye kungoja. We uko wa kumi na ine."

Baada ya wiki mbili ikaja nyingine. Akaisoma mara mbili, akakuna kichwa.

"Sasa uko wa kumi na tisa."

"Nimerudi nyuma namna gani? Orodha inatembea kinyumenyume?"

"Donc, labda iko watu wakubwa wamepita mbele. Usiniangalie hivyo, Kadiri, mi siyo kiwanda!"

Nikakimbia kwa Kayitare. Alikuwa amekaa, ananoa panga ambalo nilijua kabisa lilikuwa bamba la nyuma kulia.

"Kayitare, ndugu yangu, zile resori."

"Ziko shambani," akasema. "Bamba lako moja limenipa mbuzi. Unataka mbuzi alale chini ya gari?"

Zilibaki siku tisa. Ndipo nilipomkumbuka Phocas, mvuvi wa Nyamyumba, ambaye gari alikuwa hajapanda hata siku moja, lakini alikuwa anakunja mti kama wengine wanavyokunja nguo. Pale Nyamyumba kuna maji ya moto yanayochemka kando ya ziwa. Wagonjwa wanaoga, wanawake wanachemshia viazi, na Phocas alikuwa analowesha humo miti ya kutengenezea pete za nyavu. Mti ukilala mle usiku mmoja, asubuhi unapinda unavyotaka, ukikauka hausahau.

Nilimchorea resori mchangani. Akaizunguka.

"Hii ni upinde," akasema. "Upinde kumi na moja zimelaliana. Bwana wako wa Ulaya anakungojesha miezi kwa hii?"

Siku tatu tulilowesha. Tulipinda mabamba arobaini na manne kwa goti, kwa mawe, na kwa matusi ya Phocas. Yalipokauka yalikuwa na nguvu za ajabu. Bamba moja lilimponyoka likamrusha ziwani, na wapo watu Goma wanaosema walimwona akipita. Sikatai wala sikubali.

Ikabaki kuyafunga pamoja. Phocas akaleta kamba ya nyuzi aliyoisokota mwenyewe, lakini kusokota ya kutosha resori nne kulihitaji siku nne nyingine, na mimi sikuwa nazo. Sisi watu wa mjini tulikuwa na machinjio karibu, na ngozi mbichi ya ng'ombe kila mtu anaijua: unaifunga ikiwa laini, ikikauka inabana kuliko chuma. Vitanda vyetu vilifungwa hivyo, ngoma zetu pia.

"Kadiri," akasema Phocas, "sisi ngozi hatupeleki kwenye maji."

"Gari si mtumbwi."

"Na mvua je?"

"Mvua imekwisha, Phocas. Angalia mbingu."

Akaangalia mbingu, akaniangalia mimi. "Sawa. Lakini nitapanda na wewe. Miti ni yangu, nataka nione vile inakufa."

Ijumaa asubuhi tuliondoka. Ninaapa, gari lile lilipanda kama mbuzi. Mawe ya kirunga yalikuwa yanakuja, mti unalia kriii, unajikunja, unatupokea. Phocas alikuwa ameshika kioo cha mbele kwa mikono miwili na kuimba wimbo wa kupiga makasia. Mbwa wa Cyanzarwe wote walitufuata kwa ajili ya harufu ya ngozi, tukaingia kwa bibi na msafara kama wa gavana.

Mukamazimpaka alikuwa amekwisha kuvaa. Tulimbeba na kiti chake, tukamweka mbele. Akapapasa mlango ambao haukuwapo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, Nyogokuru, bibi yetu."

"Mbona unatetemeka na gari halijawashwa?"

Tulikuwa katikati ya njia ya kurudi mvua ilipoanguka. Haikuwa mvua ya kunyunyiza. Matone yalikuwa makubwa kiasi kwamba chura akipigwa na moja alikuwa anageuka upande wa pili. Mara ya kwanza nikasikia nyuma kulia: pwa. Kisha kushoto: pwa. Ngozi iliyokuwa ngumu kama chuma ilirudi kuwa nyama. Mabamba yakachanuka kama vidole, moja likatoka likaenda zake bondeni, na nyuma ya gari ikakaa chini juu ya ekseli, mwili umekanyaga magurudumu. Za mbele zilishika, maana joto la mota lilikuwa linakausha ngozi yake, lakini nikakanyaga moto, gari halikusogea.

Phocas akashuka, akayapapasa mabamba yake yaliyochanuka, moja moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Saa saba ilikuwa imepita. Mbele yetu mawe, kisha mji, kisha mwanamke mmoja aliyekuwa tayari kusema hapana kwa sauti. Nikamwambia bibi, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, kwamba Phocas atakwenda kuomba ingobyi nyumba ya karibu, na yeye bibi atafunikwa, hakuna atakayemwona uso.

"Kijana," akasema, "nilisema nitakuja nimeketi. Nimeketi. Kazi iliyobaki ni yako."

Phocas akapanda juu ya jiwe, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea milimani ule wito ambao kila mtu kule anaujua: iko mgonjwa, hawezi kutembea, njooni mubebe. Wito huo haukataliwi. Mtu aliyesikia akabaki shambani, siku yake ikifika atabebwa na nani? Mvua haijapungua, wakaanza kutokea migombani, wawili, watano, mwisho wakawa kumi na sita, wamejifunika majani ya migomba, na miti ya kubebea begani.

Wa kwanza, mtu wa makamo aliyeitwa Bimenyimana, akachungulia ndani.

"Mugonjwa iko wapi? Ni huyu mama?"

"Mimi sina ugonjwa," akasema Mukamazimpaka. "Mimi ni abiria."

"Basi mugonjwa ni nani?"

Phocas akanyoosha kidole kwenye jipi. "Ni huyu."

Kelele zikaanza zote kwa pamoja.

"Yewe! Mutu anatuita kwenye mvua tubebe voiture?"

"Hii ni chuma! Chuma haigonjwi!"

"Hata munilipe, mi sibebi mali ya mutu wa mujini!"

Bimenyimana akainua mkono. Akainama, akaangalia chini ya gari muda mrefu, kama mganga. Akainuka.

"Iko na miguu ine," akasema polepole. "Mbili za nyuma zimevunjika. Haiwezi kutembea peke yake. Iliita, na sisi tulisikia." Akawageukia wenzake. "Nani anataka kurudi nyumbani kusema alisikia wito akakataa?"

Hakuna aliyetaka. Wakapitisha miti chini ya mwili wa gari, nane upande huu, nane upande ule, wakanyanyua sehemu ya nyuma yote hewani. Mimi nikaingiza gia ya magurudumu ya mbele. Yakavuta. Na hivyo tukashuka: mbele mota inanguruma, nyuma wanaume kumi na sita wanaimba wimbo wa ingobyi, na katikati Mukamazimpaka amenyooka wima, anasalimia watu wa pande zote mbili. Kila nilipopunguza mwendo alinigonga bega.

"Usizime! Nimekuja kwa gari."

Tuliingia mtaa wa Waislamu watu wanatoka Alasiri. Dauda alikuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe, akaushika mdomo wake.

"Kadiri! Uliniahidi gari, unaniletea mazishi?"

"Dauda," bibi akasema kutoka juu, "punguza maneno, panua mlango."

Wakamshusha na kiti chake, wakampitisha chumba cha ndani. Mimi sikuweza kusimama pale kungoja. Nikaingia chini ya jipi na kanzu yangu mpya, nikaanza kukata ngozi iliyolowa, bamba kwa bamba, nikitega sikio. Nilisikia mashahidi wakipiga hodi. Nilimsikia mwalimu wa msikiti akiuliza. Halafu hakuna kitu, kwa muda ambao mimi ningeweza kujenga jipi nyingine.

Kisha sauti ya Mukandutiye ikapita ukuta, ya kutosha jirani wasikie: "Ndiyo. Lakini kwanza mutu amupatie bibi yangu nguo kavu."

Vigelegele vikalipuka. Miguu ya Phocas ikaja ikasimama karibu na kichwa changu.

"We Kadiri! Toka huko chini. Wanakuita uoe."