Maksai wa Jumamosi

Baba alilibonyeza paja la maksai kwa dole gumba, akalinusa lile dole, akalifuta kwenye aproni. Nyama ilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya kuoza, ni ile ya kunata mkononi kama zambarau lililoiva, na kila aliyekuwamo katika chumba cha kutundikia nyama aliiona. Nje, watu wa hoteli walikwisha kushuka garini, wanajipangusa vumbi.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyetangulia kufungua kinywa. "Baba, nimekosea mimi. Wapi, sijui, ila ni mimi."

Nilijua vizuri kwamba hakukosea popote.

Kwanza niseme habari ya nyama yetu. Watu wa ng'ambo ya kilima wana mifugo mingi kuliko sisi, hilo hatubishi. Lakini baba alizoea kusema kwamba wale wana ng'ombe, sisi tuna nyama. Ng'ombe wa kuchinjwa bondeni kwetu hapigwi fimbo wala hapigiwi kelele. Anatengwa pamoja na mwenzake mmoja aliyemzoea, anapumzishwa siku mbili kama mzazi aliyetoka kujifungua. Nyama yake unaipaka chumvi, unaiweka juu ya makaa, umemaliza, na anayeongeza kiungo anatutukana. Hayo niliyanyonya pamoja na maziwa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliweza kupitisha kiganja mbavuni mwa ng'ombe nikakwambia amebakiza wiki ngapi kabla ya kuchinjwa.

Kisha kaka akaoa. Bibi harusi alitoka nyumba ya mafundi nguo, hajui nyama ya sarara wala ya shingo. Nikambandika jina la Cherehani. Watu wakacheka, naye akacheka kuwapita wote, na hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kila kitu, mbele za watu, bila haya, na baba, ambaye mimi hakuwahi kunieleza jambo mara mbili, yeye alimweleza mara nne. Nikajiambia kipya kinyemi, atachoka tu. Hakuchoka. Mwaka wa tatu baba akamkabidhi chumba cha nyama akisimamie, mimi nimesimama pale pale na kisu mkononi.

Roho iliniuma, sifichi. Nikimsikia baba akimwita "mwanangu", nilitamani kumuuliza mimi basi ni nani.

Ndipo hoteli kubwa ya mjini ikatuma ujumbe. Walitaka nyama ya bondeni peke yake, mwaka mzima, na jina la bonde letu waliandike kwenye orodha yao ya vyakula. Majirani walimiminika kutupongeza kabla hata wino haujashika karatasi. Wageni wangekuja Jumamosi kuonja, na baba alimwachia wifi achague maksai. Alichagua vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Mimi mwenyewe ningemchukua yule yule.

Alhamisi mchana baba alikwenda kwa bwana mifugo, kaka yuko malishoni, wifi kaenda kutafuta makaa. Nilimtoa maksai zizini, nikashika fimbo. Nilimkimbiza kando ya uzio wa chini, kwenda na kurudi, mpaka mapovu yakamtoka. Nilikuwa nalia, na sikujua nalilia nini. Nikamfuta jasho kwa gunia, nikamrudisha. Ijumaa asubuhi akachinjwa.

Kwamba ningelitia aibu bonde zima, nilijua. Niliwaza tu kwamba aibu yenyewe ingemwangukia mmoja.

Basi Jumamosi ile baba alitoka nje. Tulimsikia akiwaambia wageni kwamba leo hakuna nyama. Mkubwa wao akasema wametoka mbali, wangeonja hata hiyo iliyopo.

"Iliyopo si yetu," baba alisema.

Wakapanda gari, wakashika njia ya kilima. Mpaka leo jina lililo kwenye orodha ile ni la wale wa ng'ambo.

Aliporudi alimtuma wifi akachemshe maji ya kusafishia, tukabaki wawili. Nilingoja kofi. Badala yake akaegemea meza na kuzungumza polepole, kama anayepima.

"Huyu amekimbizwa, na aliyemkimbiza anajua kazi. Hapa tunaojua hivyo ni wawili, na mimi goti langu bovu."

Maisha yangu yote nilitaka baba aseme kwa kinywa chake kwamba najua kama yeye. Sasa alikuwa amesema.

"Mwite wifi yako," akaongeza. "Mfundishe nyama inavyokuwa nyeusi. Usimfiche kitu."

Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami nikamfundisha. Nilimwambia ng'ombe akihangaishwa nguvu zake zote zinaishia kwenye mbio, na akichinjwa kabla hazijarudi, nyama haina kilichobaki. Akauliza ahangaishwe kwa muda gani. Nikasema kama kutoka saa sita mpaka saa tisa. Akauliza mahali gani. Nikasema uzio wa chini, kwenye mawe, na neno lilipotoka ndipo nilipolisikia.

Wifi akaniinulia macho.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na jua lile," alisema. "Pole, wifi."

Akainuka, akaniletea maji ya kunywa, akashika kisu na kuanza kukata ile nyama ya kugawia majirani. Miaka ishirini sasa naitafuta kejeli ndani ya pole ile. Sijaiona.