Lango la Kigumu

Vitabu vilifika kwa maboksi manne, na Bermet ndiye aliyevishusha garini, kwa sababu katika nyumba ya wakwe mzigo humngoja kelin. Kelin ni mke aliyeletwa kuishi kwa wazazi wa mume, na Bermet alikuwa kelin wa nyumba ile, nje kidogo ya Talas, kwa miaka kumi na tisa, tangu siku alipofunikwa kitambaa cheupe kichwani akaonyeshwa birika lilipo. Ilikuwa imebaki siku mbili ifanyike hitima ya mwaka ya baba mkwe wake. Alipasua boksi la kwanza kwa kisu cha vitunguu. Jaladani palikuwa na picha ya marehemu amekaa juu ya trekta, na chini yake maandishi makubwa: Baba Yangu, Kumbukumbu za Sagynbek. Sagynbek ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mtu mzito katika ofisi fulani huko Bishkek, mji mkuu. Bermet akafungua katikati asome kidogo kabla ya kurudi kwenye unga wake.

“Asubuhi ya theluji ya kwanza alitoka bila kofia kwenda kuyaangalia maharage yaliyosahauliwa shambani, akarudi na punje tatu mkononi, akaniambia hizi zimekataa kufa.”

Akasoma tena, polepole. Maneno yale aliyajua. Aliyaandika yeye, ameegemea jiko hilo hilo, miaka minane iliyopita. Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine, na mwingine. Yote yalikuwa yake. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: kila mahali alipomwita mzee “Mwenye Nyumba”, sasa palisomeka “baba yangu”.

Blogu yake iliitwa Jikoni kwa Mkwe. Aliianza mwaka ambao mumewe, Ulan, alikwenda Urusi kujenga maghorofa, ili Ulan ajue nyumbani kunaendaje. Ulan akasoma mara tatu, kisha akasema simu inatosha. Bermet hakuacha. Aliandika kwenye daftari huku maji yakichemka, halafu mchana akayanakili kwenye kompyuta ya maktaba ya shule alikofanya kazi. Miezi ya kwanza wasomaji walikuwa wanne, na mmoja wao ni yeye mwenyewe akihakikisha kama yametokea. Kisha siku moja mwanamke asiyemjua, kutoka Osh, akamwandikia: “Dada, nilidhani ni mama mkwe wangu peke yake anayehesabu maandazi ya boorsok niliyokaanga.” Bermet alicheka mpaka watoto wa shule wakamchungulia. Baada ya huyo walikuja wengine, wake wa watu wenye mikono ya unga, wakisoma kwa kujificha kwenye simu. Kwa miaka kumi na moja aliandika juu ya mvua ya mawe iliyopiga maharage, juu ya ng’ombe asiyetaka kukamuliwa na mtu mwingine, juu ya mzee na trekta lake.

Na kwa miaka kumi na moja akaulizwa anamwandikia nani. Majirani walisema kelin yule hana kazi. Sagynbek mwenyewe, katika karamu moja, aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba laiti Bermet angesukuma chapati upesi kama anavyojaza daftari, wote wangenenepa. Katika nyumba nzima mtu mmoja tu aliuliza swali la maana, naye ni yule mzee. Jioni alikaa karibu na jiko akivua buti, akasema, “Leo umeniandika nini?” Bermet akamsomea. Mzee akikuta mahali alipotiwa chumvi, alinung’unika, lakini hakumwambia afute.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hadithi haisimami. Kelin hamtaji baba mkwe kwa jina, wala kaka mkubwa wa mumewe. Na si jina tu. Hata kitu chenye jina moja na mkwe hukitafutia neno jingine. Mzee aliitwa Temir, na temir kwa lugha yao ni chuma. Mimi si kelin wa mtu, kwa hiyo nalitaja bila shida. Lakini fikirieni Bermet, ameolewa nyumbani kwa fundi wa matrekta, nyumba imejaa chuma kuanzia langoni mpaka kitandani, na neno lenyewe haruhusiwi kulitamka. Siku ya tatu ya ndoa ulimi ulimteleza akaomba sufuria ya chuma, na mama mkwe, Apa Sayra, yaani Mama Sayra, akamnunia mpaka jioni ya kesho yake. Tangu hapo Bermet akasema “kigumu”. Sufuria ya kigumu, koleo la kigumu. Wake za watu wa Bishkek siku hizi wanaicheka desturi hiyo, na wana haki yao. Bermet naye mwanzoni aliifuata kwa hofu. Baadaye aliifuata kwa sababu alimpenda yule mzee, na hata kwenye blogu, ambako Apa Sayra hakuingia, chuma kilibaki kigumu. Alizoea mpaka akawa halisikii tena neno hilo.

Jioni ile Sagynbek alifika na gari lake. Bermet alimpokea koti, akamtilia chai, akangoja anywe piyala mbili, vile vibakuli vya chai. Ndipo akasema, akimwita bayke, yaani kaka, kama adabu ilivyotaka.

“Bayke, yaliyomo kwenye kitabu ni maneno yangu.”

“Ya nani?”

“Yangu. Ya kwenye blogu yangu.”

Sagynbek hakupepesa. Alikuwa na macho makavu ya mtu aliyezoea kusaini kazi za wenzake. “Bermet, wewe si wa nyumba hii? Basi na maneno yako ni ya nyumba hii. Kwani nimeiba kwa jirani?”

“Ungeweka hata jina langu. Hata ukurasa wa nyuma.”

“Kwenye blogu yenyewe jina lako liko wapi? Mimi nimekupa heshima. Nimekuchapisha.”

Amemchapisha! Mtu amechukua miaka kumi na moja ya mwenzake, akaipiga muhuri wa jina lake, na bado anangoja ashukuriwe. Bermet alitoka kwenda zizini, akasimama kati ya ng’ombe wawili, akalia kwa hasira. Alipompigia Ulan, Ulan alisema hayo tutayazungumza baadaye, bayke ndiye aliyenunua farasi wa kuchinja, asiwaaibishe mbele ya watu. Bermet akamuuliza, na mimi nikiaibishwa? Simu ikawa na kelele za mashine, na Ulan akasema hasikii vizuri.

Siku ya hitima walikuja watu mia mbili na zaidi. Mahema yalisimamishwa uwanjani, wazee wa kofia nyeupe wakakaa upande wa heshima, wanawake upande wao, na nyama ya farasi ikapita kwa sinia. Kila mgeni alipewa kitabu. Sagynbek alizunguka akisaini. Baada ya dua ya kwanza, mwalimu Jumakadyr, mwenye sauti nzuri, aliombwa asome sehemu kidogo ili marehemu akumbukwe. Bermet alikuwa amebeba birika. Alipita katikati ya watu akiwatilia chai nusu piyala, kama inavyotakiwa, huku akisikia maneno yake mwenyewe yakisomwa kwa jina la mwingine. Mzee mmoja alifuta machozi kwenye ile sehemu ya punje tatu, akamwambia jirani yake, “Mwana anayemjua babaye hivi ni nadra.” Kisha akanyoosha piyala yake kwa Bermet bila kumtazama. Bermet akamtilia mpaka chai ikafurika kwenye kitambaa.

Mwalimu akaendelea. “Baba yangu alilitengeneza lango la kigumu kwa mikono yake. Alisema kigumu kina kumbukumbu, ukikipiga kwa chuki hakitafunga vizuri.”

Upande wa wanawake mazungumzo yalikoma. Msichana mmoja akaziba mdomo. Bibi Kalipa, jirani wa miaka themanini na tatu, aliyekula chumvi nyingi na hajali kitu, akainua kijiko.

“Mwalimu, simama hapo hapo. Lango la nini?”

“La kigumu, Apa.”

“Na hilo kaliandika nani?”

“Sagynbek, mwana wa marehemu.”

“Mtoto wa kiume tangu lini akaliogopa jina la baba yake?” akasema Bibi Kalipa. “Hayo ni maneno ya kelin.”

Kicheko kilianzia kwa wake za watu, wale walioimeza desturi hiyo maisha yao yote, kikavuka mpaka kwa wazee. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi. Baadaye ilijulikana kilichotokea. Sagynbek hakukinakili kitabu hata kwa mkono wake. Alimpa kazi hiyo msichana wa ofisini, mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuishi na mkwe, akamwambia aweke “baba yangu” kila penye “Mwenye Nyumba”. Msichana alilikuta neno “kigumu” akadhani ni madoido ya uandishi, akaliacha. Na bwana mkubwa akasaini jalada bila kusoma. Hilo ndilo lililomchoma Bermet kuliko wizi wenyewe: hata baada ya kumwibia, hakumsoma.

Sagynbek alisimama. Uso ulikuwa umemwiva, lakini sauti ilikuwa ile ile ya mikutano. Akasema ni kweli, wageni wapendwa, yupo kelin wetu mmoja, alinisaidia kupiga chapa, na mikono yake ikaweka mazoea yake. Yatasahihishwa kwenye chapa ya pili. Wazee wakaitikia kwa kichwa, wamefarijika, maana hakuna anayependa hitima iharibike. Mmoja akasema mambo ya nyumba hubaki nyumbani. Mwingine akamsifu kelin kwa kujua kupiga chapa.

Bermet aliliweka birika chini, mbele ya yule mzee aliyekuwa amenyoosha piyala tupu kwa mara ya tatu. Akaingia ndani. Wageni mia mbili walikaa bila chai mpaka binti za Sagynbek walipoonyeshwa birika lilipo.

Asubuhi, baada ya Sagynbek kuondoka bila kuaga jikoni, Bermet aliketi na simu mezani akaanza kuandika. Safari hii hakupitia daftarini. Aliorodhesha vipande vyake, thelathini na saba, na tarehe alizoviweka, ili yeyote atakaye aende akalinganishe. Akaeleza maboksi, na piyala mbili za chai, na “nimekuchapisha”. Kisha akafika mahali pa kusema ni nani aliyefanya hayo, na kidole kikasimama.

Kwa miaka yote hiyo, kwenye blogu Sagynbek alikuwa “Kaka wa Mjini”. Hakuwahi kumwita kwa jina, si kwa mdomo, si kwa maandishi, si hata moyoni. Alifikiri juu ya heshima ile. Kwa mzee aliitoa, na mzee aliilipa kila jioni karibu na jiko. Huyu alilipa nini? Alijiona mjinga kwa kumfunika kwa adabu yake mtu aliyetumia adabu hiyo hiyo kumfutia jina. Akaandika: Sagynbek. Akaitazama ile herufi ya kwanza, kubwa, imekaa pale bila kuomba ruhusa ya mtu.

Apa Sayra akaingia na fimbo yake, akaketi mahali pa marehemu. Tangu jana hakuwa amesema neno juu ya kitabu.

“Unaandika nini?”

“Ya jana, Apa.”

“Nisomee.”

Hakuwahi kuomba hivyo. Bermet akaanza kusoma, na alipokaribia lile jina akajua kwamba angeweza kulikwepa, akasema Kaka wa Mjini na kuiachia simu siri yake. Alikuwa amechoka mno kukwepa.

“Aliyeyachukua maneno yangu na kuyaita yake,” akasoma, “ni Sagynbek.”

Jina la mwana mkubwa wa yule mama, limetoka mdomoni mwa kelin, ndani ya jiko lake. Apa Sayra akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Yeye naye kwa miaka hamsini na nne hakuwahi kulitaja jina la mumewe, hata siku ya kumzika.

“Weka na la baba yake,” akasema hatimaye. “Andika Sagynbek wa Temir. Akina Sagynbek ni wengi nchi hii, wasije wakadhani ni mwingine.”